Wikendi ya wawili barabarani, msituni na pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mume na mke wenye gari moja, siku mbili za mapumziko na hamu ya kupita msituni hadi baharini. Maswali yamepangwa kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yanayowapata wachache. Palipo na jibu linalogusa swali lingine, utaelekezwa huko.

## Kupanga njia

Siku mbili zinatosha kweli kuona msitu na bahari?

Zinatosha, kwa sharti moja: mpunguze kilomita. Wanaorudi wamechoka na kununiana mara nyingi walijaribu kuona kila kitu kilichoonyeshwa kwenye ramani. Chagueni msitu mmoja na kipande kimoja cha pwani, kisha muache mengine kwa wikendi nyingine. Wikendi ya aina hii ni nafasi ya nyinyi wawili kukaa pamoja saa kadhaa bila kazi, bila wageni na bila vyombo vya kuosha. Ukiijaza vituo kumi umerudisha kazi kwa mlango wa nyuma.

Tuendeshe kilomita ngapi kwa siku?

Pimeni kwa saa, kilomita ziwe baadaye. Saa tatu hadi nne za usukani kwa siku ni kiasi kizuri, na kwenye barabara ya msituni au ya ukingo wa bahari saa hizo zinaweza kuwa kilomita 150 tu. Barabara za namna hii zina kona nyingi, miteremko, madaraja membamba, na mandhari ambayo mtasimama kuyatazama mtake msitake.

Great Ocean Road ya Australia ni mfano mzuri. Ilijengwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na ina urefu wa takriban kilomita 243. Mtu wa barabara kuu akisikia hivyo atasema ni safari ya saa tatu. Lakini njia hiyo inafuata miamba ya bahari kisha inapanda kwenye misitu ya Otway, na wanaoifahamu huipa siku mbili au zaidi. Programu ya ramani ikikwambia saa tatu, ongeza angalau moja na nusu ya kusimama.

Tuanze na msitu au na bahari?

Hili linategemea pwani yenu inatazama upande gani, na ni ajabu jinsi watu wengi wanavyopanga safari nzima bila kuliuliza.

Pwani ikitazama magharibi, jua linazama baharini. Hapo piteni msituni Jumamosi asubuhi na mfike ufukweni alasiri, mkiwa na muda wa kutosha kulisubiri jua. Pwani ikitazama mashariki, jua linachomoza baharini. Hapo nendeni moja kwa moja hadi pwani Jumamosi, mlale karibu na maji, muamke alfajiri, kisha Jumapili mrudi kwa njia ya msituni. Mchana wenye jua kali ni wakati mzuri wa kuwa chini ya miti, na ufukweni wakati huo hakuna raha: mchanga unaunguza, na upepo wa baharini kwa kawaida umeshapata nguvu kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji.

Angalieni pia jua la kurudi. Mkirudi mkielekea magharibi Jumapili jioni, dereva atakuwa na jua machoni saa nzima kabla ya machweo. Ondokeni mapema au msimame mahali hadi lizame.

Tuzunguke kwa upande upi?

Kama njia yenu ni ya mzunguko, chagueni upande utakaoiweka bahari kwenye ubavu wenu wa barabara. Panapoendeshwa kushoto, bahari iwe kushoto; panapoendeshwa kulia, iwe kulia. Mtaona vizuri zaidi, na mkitaka kuegesha mtaingia pembeni bila kukatiza magari yanayokuja. Ndiyo maana wengi wanaopita ukingo wa bahari wa California huenda kutoka kaskazini kwenda kusini.

Tulale usiku mmoja au miwili?

Miwili, mkiweza kuondoka Ijumaa jioni. Usiku wa kwanza uwe mahali palipo karibu, saa moja au mbili tu kutoka nyumbani, ili Jumamosi muamke tayari mko njiani. Kama ni usiku mmoja, lipieni malazi kabla ya kuondoka. Kutafuta kitanda gizani mkiwa na njaa ni chanzo kikubwa cha ugomvi (soma pia swali la kugombana, hapo chini).

## Gari

Gari letu ni dogo la kawaida. Litafaa?

Kwa barabara ya lami na ya changarawe nzuri, ndiyo. Kwa njia ya udongo ya msituni wakati wa mvua, au kwa mchanga laini, hapana. Ulizeni wenyeji au wasimamizi wa msitu hali ya njia ilivyo wiki hiyo. Picha za mwaka jana hazitawaambia kitu.

Tukague nini kabla ya kuondoka?

Matairi kwanza. Pimeni upepo tairi likiwa baridi, kabla ya kuendesha, kwa sababu joto la safari hupandisha kipimo. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi pembeni mwa mlango wa dereva. Pimeni na tairi la akiba, maana watu huligundua halina upepo siku wanayolihitaji. Magari mengi mapya hayana tairi la akiba kabisa. Yana pampu ndogo na dawa ya kuziba tundu. Fungueni buti muone mna nini, na kama kuna jeki na spana ya magurudumu.

Kisha breki, taa zote, wipa, oili na maji ya kupoozea injini. Chukueni tochi, pembetatu za tahadhari, maji ya kunywa na kisanduku cha huduma ya kwanza. Jazeni mafuta kabla ya kuingia msituni hata kama tanki bado lina nusu.

Na kama gari ni la umeme?

Linafaa sana, kwa sababu msituni ukimya wake ni zawadi. Panga vituo vya kuchaji kabla, na ukumbuke kwamba mlima hula betri na mteremko hurudisha sehemu yake tu. Mwendo wa kasi hupunguza umbali kuliko kitu kingine chochote kilicho mikononi mwa dereva. Mkipata malazi yenye chaji ya usiku, mmemaliza tatizo.

## Msituni

Ukungu ukishuka tufanye nini?

Washa taa za chini, na za ukungu kama zipo. Taa kubwa zinaumiza: mwanga wake unagonga matone ya maji hewani na kurudi machoni pako, uone ukuta mweupe. Punguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kufunga breki huzidi mara nne, na kwa kilomita 100 kwa saa gari linakula takriban mita 28 kila sekunde.

Mkihitaji kusimama, tokeni barabarani kabisa. Msisimame kwenye kona hata dakika moja.

Ukishaegesha salama, shukeni muuangalie huo ukungu. Misitu mingi ya karibu na bahari inaishi kwa ukungu huo. Miti mirefu kuliko yote duniani, ile ya pwani ya kaskazini ya California inayopita mita 100, hupata sehemu ya maji yake ya kiangazi kutokana na ukungu wa baharini unaonata kwenye majani na kudondoka chini. Ukisimama chini yake unasikia matone yakianguka siku isiyo na mvua. Kwangu mimi hapo ndipo msitu na bahari vinapokuwa kitu kimoja, na safari nzima inapata maana yake.

Wanyama wanavuka barabara saa ngapi?

Zaidi alfajiri na wakati wa magharibi. Ukimwona mmoja amevuka, tarajia wa pili. Funga breki ukiwa umenyoosha usukani; kumkwepa mnyama kwa ghafla kumepeleka magari mengi kwenye miti.

Simu haina mtandao msituni. Tutapotea?

Hapana, mkipakua ramani ya eneo hilo kabla ya kutoka nyumbani. Simu inajua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na hilo halihitaji mtandao. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani yenyewe. Chini ya miti minene au kwenye bonde lenye kina nukta inaweza kuyumba kidogo. Mwambieni ndugu au rafiki mmoja njia mtakayopita na saa mtakayotoka upande wa pili.

Tukitaka kutembea kwa miguu, tujihadhari na nini?

Fuateni njia iliyopo, kwa mimea na kwa usalama wenu. Vaeni suruali ndefu, na palipo na kupe ingizeni miguu ya suruali ndani ya soksi. Mkirudi kaguaneni mwili: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Hapa kuwa wawili ni faida kubwa, kwa kuwa peke yako huwezi kuona mgongo wako. Kupe aliyeng'ata mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma moto. Mkipata homa au vipele wiki zinazofuata, mwelezeni daktari kwamba mlikuwa msituni.

Wakati wa ukame msiegeshe juu ya majani makavu. Bomba la moshi na sehemu za chini ya gari huwa na joto la kutosha kuwasha moto.

## Pwani

Kwa nini kila mtu anasisitiza tuangalie maji kujaa na kupwa?

Kwa sababu ndiyo saa ya kweli ya pwani. Sehemu nyingi za dunia bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo nyakati za leo si za kesho: maji yaliyojaa Jumamosi saa 4 asubuhi yatajaa Jumapili karibu na saa 5. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo.

Tofauti hiyo haifanani kila mahali. Bahari ya Mediterania hubadilika kidogo sana, ilhali Ghuba ya Fundy nchini Kanada maji yanaweza kupanda hadi mita 16 hivi, na watu hutembea kwenye sakafu ya bahari kati ya miamba ambayo saa chache baadaye imezungukwa na maji.

Tafuteni jedwali la maji la eneo lenu na mlipange pamoja na safari. Maji yakipwa ni wakati wa kutembea kwenye miamba na kuona vidimbwi vyenye kaa na konokono. Anzeni matembezi maji yakiwa bado yanatoka, mgeuke kurudi kabla hayajaanza kuingia. Mtu hunaswa na maji yanayomzunguka kwa nyuma huku akitazama mbele.

Tunaweza kuendesha gari ufukweni?

Kwanza ulizeni kama inaruhusiwa. Sehemu nyingi hairuhusiwi, na kwa sababu nzuri. Kasa hutaga mchangani, ndege wa pwani huweka viota chini, na mimea ya vilima vya mchanga ndiyo inayovishikilia visihame. Mikoko nayo ina mizizi ya kupumulia inayochomoza juu ya tope, na tairi moja linavunja kilichochukua miaka kuota. Mimi ningewaomba muache gari juu na mshuke kwa miguu hata panaporuhusiwa.

Mkilazimika kupita mchangani, njia ya kujinasua ipo kwenye swali la kukwama, mwishoni.

Ni salama kuogelea ufukwe tusioujua?

Ogeleeni palipo na waokoaji kama papo. Kama hapapo, simameni juu muyatazame maji dakika kumi kabla ya kuingia. Sehemu ambapo mawimbi hayavunjiki na maji yanaonekana kutulia katikati ya mawimbi pande mbili inavutia macho, na mara nyingi ndiyo yenye mkondo unaovuta kuelekea kina kirefu.

Ukivutwa, usipambane nao kurudi ufukweni moja kwa moja. Elea, pumua, kisha ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Aliyebaki nchi kavu asiruke majini kumfuata. Aite msaada na amtupie chochote kinachoelea. Najua ni vigumu kumwambia mtu asimrukie mwenzi wake anayevutwa na maji, lakini wanaorukia majini kuokoana ndio huongeza idadi ya wanaozama. Kubalianeni jambo hili kabla hamjavua viatu.

Chumvi itaharibu gari?

Siku mbili haziharibu. Osheni gari kwa maji yasiyo na chumvi mkifika nyumbani, hasa chini yake.

## Nyinyi wawili

Nani aendeshe?

Wote wawili, mkiweza, mkibadilishana kila saa mbili hivi na kusimama dakika kumi na tano. Asiyeendesha ana kazi: kusoma njia, kutazama saa ya maji, kumpa dereva maji ya kunywa, na kukaa macho. Kama mmoja tu ana leseni, punguzeni saa za usukani. Dereva huiona barabara tu, na ni haki yake kusimama mahali anapotaka naye atazame.

Tukigombana njiani?

Mtagombana kidogo, na hakuna ubaya. Garini mmekaa karibu, hakuna pa kwenda, na mmoja ana usukani. Ugomvi wa njiani huwa na sababu tatu za kawaida: njaa, kupotea, na namna mwenzio anavyoendesha.

Njaa inatibika: kuleni kabla hamjaishiwa. Kupotea kunatibika kwa kukubaliana mapema kwamba msoma ramani akisema geuka, dereva anageuka, na ikiwa ni kosa mnarudi bila lawama. La tatu ndilo gumu. Ukiogopa mwendo wa mwenzio, mwambie wazi: "Naogopa, punguza kidogo." Anayeendesha apunguze bila kubisha. Hofu ya mwenzio ni sababu tosha.

Mambo mazito ya nyumbani, kama madeni, wakwe au kuhama, yanazungumzika vizuri barabarani kwa sababu mmekaa ubavu kwa ubavu na macho yako mbele. Lakini yafungueni kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kona za msituni dereva anahitaji akili yake yote. Na kimya kikija, kiacheni. Watu waliooana miaka mingi wanajua kwamba kunyamaza pamoja nako ni mazungumzo.

Mwenzangu anapata kichefuchefu kwenye kona.

Sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho yaliyoinamia simu hayauoni, na ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Akae mbele, atazame mbali, asisome, afungue dirisha. Bora zaidi, aendeshe yeye: dereva hupata kichefuchefu mara chache kwa kuwa anajua kona kabla haijafika. Dawa za kichefuchefu zipo, ila nyingi huleta usingizi, kwa hiyo aliyekunywa asishike usukani.

Watoto tuwaache?

Kama bibi, shangazi au mtu mnayemwamini yupo tayari, waacheni, na msione aibu. Kubalianeni saa moja ya kupiga simu kwa siku, kwenye eneo lenye mtandao.

Mke ni mjamzito. Tusafiri?

Kwa ujauzito usio na matatizo, wengi husafiri vizuri, hasa katika miezi ya katikati. Muulizeni mkunga au daktari kwanza. Mkanda wa gari avae daima: kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, cha juu kipite kati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Asimame na kutembea angalau kila saa mbili ili damu isigande miguuni. Mjue kituo cha afya kilicho karibu kwa kila hatua ya njia, na mtoe njia za mashimo kwenye mpango.

Simu za kazi?

Zimeni. Abaki na simu hewani msoma ramani peke yake.

## Mambo yakiharibika

Mvua imefurika na maji yanapita juu ya barabara. Tuvuke?

Hapana. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kubeba gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi makubwa. Hamuwezi pia kujua kama barabara bado ipo chini ya maji hayo. Rudini nyuma, hata ikimaanisha usiku mwingine nje ya nyumbani.

Tumekwama mchangani.

Acha kukanyaga mafuta mara tu magurudumu yanapoanza kuzunguka bure. Kila mzunguko unachimba zaidi. Shukeni, ondoeni mchanga mbele na nyuma ya matairi, wekeni mikeka ya garini au matawi makavu yaliyoanguka. Punguzeni upepo wa matairi ili yatandike. Wengi hushuka hadi karibu psi 20. Kisha tokeni taratibu, kwa njia ile ile mliyoingilia. Kabla ya kurudi kwenye lami jazeni upepo tena, maana tairi laini kwa mwendo kasi hupata joto na kupasuka. Mkiona maji yanajaa na gari halitoki, ombeni msaada mapema.

Ni Jumapili jioni, tumechoka, na bado kuna saa tatu za njia.

Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakuondoi usingizi. Dereva anayepiga miayo mfululizo, anayehama mstari, au asiyekumbuka kilomita chache zilizopita, asimame mahali salama. Anywe kahawa kisha alale dakika 20: kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo ataamka wakati inaanza. Akiamka bado mzito na mwenzake naye amechoka, tafuteni kitanda hapo hapo mpige simu kazini kwamba mtachelewa Jumatatu.